MZIGO WA MTU, MZIGO WA PANYA

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji,

Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha habari za kingamwili moja iliyotengenezwa huko California, Marekani, kwa ajili ya panya. Naomba tuelewane mapema. Kingamwili hiyo si dawa. Huwezi kuiomba dukani, wala daktari wa hospitali ya mkoa hawezi kukuandikia. Ni chombo cha maabara, kama vile nyundo ilivyo chombo cha fundi. Wataalamu wameipa jina fupi, D1. Kazi yake ni kuzuia seli za panya zinazokufa zisipasuke.

Najua baadhi yenu mnauliza: yote hayo yanatuhusu nini sisi tulioko Tabora, ambao panya tunamjua kwa kutoboa magunia ya mahindi? Swali ni halali. Mimi si daktari. Ni mwandishi wa habari. Lakini kadiri nilivyolifuatilia jambo hili ndivyo nilivyozidi kuona kwamba njia yake inapita hapa hapa kwetu, katika miombo yetu, na kwamba ipo hesabu ya zamani ambayo bado haijafungwa.

Tuanze na kifo cha seli. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli nyingi mno zisizoonekana kwa macho, na kila siku nyingine hufa ili nyingine zizaliwe. Kwa kawaida kifo hicho ni cha utulivu. Mwaka 1972 wataalamu watatu, Kerr, Wyllie na Currie, walikipa jina la apoptosi. Seli inayokufa hivyo hujikunja, hujigawa vipande vidogo vidogo, na majirani zake huvimeza bila ghasia. Ni kama nyumba mbovu inayobomolewa kwa utaratibu: bati linashushwa, tofali linapangwa pembeni, na jirani hata vumbi halimfikii.

Kuna kifo cha aina nyingine. Seli inapogundua kwamba bakteria ameingia ndani yake, huweza kuamua kujiua kwa kishindo ili adui asipate mahali pa kujificha. Mwaka 2001 kifo hicho kilipewa jina la piroptosi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya moto. Seli huvimba, hutoboka, kisha hupasuka na kumwaga nje kila kilichokuwamo. Hii sasa ni nyumba ya nyasi iliyoshika moto wakati wa kiangazi. Cheche zinaruka kwa jirani, jirani naye anapiga yowe, watu wanakimbilia kutoka kila upande. Mwilini yowe hilo ndilo homa, wekundu, maumivu na uvimbe.

Moto huo una faida yake, maana bila ya homa na uvimbe vijidudu vingetumaliza. Tatizo huja pale unapozidi kiasi. Maambukizi yakienea katika damu, mara nyingi kinachomwangusha mgonjwa si bakteria peke yake. Ni mwili wake mwenyewe uliowasha moto na kushindwa kuuzima. Kwa hiyo swali la nani anawasha moto huo, na unaweza kuzimwa wapi, ni swali la uhai wa watu waliolala wodini usiku huu.

Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua seli inatobokaje. Jibu lilipatikana mwaka 2015, kwa makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja Beijing na jingine California. Yote mawili yaliikuta protini moja iitwayo gasdermini D. Ikikatwa na kimeng'enya maalumu, kipande chake hukimbilia kwenye utando wa seli na kutoboa matundu. Kila mtu akadhani hadithi imekwisha: seli ikishatobolewa maji yanaingia, inavimba, inapasuka yenyewe kama puto. Mwaka 2021 kundi lile la California likaonyesha kwamba sivyo. Baada ya matundu, ipo protini nyingine ndogo, ninjurini-1, ambayo hukusanyana kwenye utando na kuupasua. Panya waliokosa protini hiyo, seli zao zilikufa lakini hazikupasuka. Yaani kupasuka nako ni kazi inayofanywa na mfanyakazi wake.

Hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Mmoja wa viongozi wa kundi hilo, pamoja na Nobuhiko Kayagaki, ni Daktari Vishva Dixit. Huyu alizaliwa Kenya, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuhitimu mwaka 1980. Kisha akaenda Marekani, na mwaka 1997 akajiunga na kampuni ya Genentech. Mmoja wa watu walioifundisha dunia jinsi seli inavyokufa kwa moto alijifunza kushika kisu cha upasuaji na kupima homa katika wodi za Afrika Mashariki. Jina lake halitajwi redioni kwetu hata mara moja kwa mwaka, wakati majina ya wachezaji mpira wa Ulaya watoto wetu wanayajua mpaka ya wale wa akiba.

Sasa, kingamwili ni nini? Wengi wenu mmekwisha kuiona bila kuijua jina. Mtu akiumwa na nyoka huko Sikonge au Urambo, na akibahatika kufika hospitali yenye dawa, huchomwa sindano iliyotokana na damu ya farasi. Farasi huyo alipewa sumu kidogo kidogo, mwili wake ukatengeneza askari wa kuikamata sumu hiyo. Askari hao ndio kingamwili. Kila mmoja ana umbo la manati, na kwenye ncha zake mbili ana mikono inayoshika kitu kimoja tu. Kinachoshika sumu ya swila hakina habari na mafua.

Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua jinsi ya kuzalisha askari wa aina moja tu, wote mapacha, bila kikomo. Walichukua seli ya kinga kutoka kwa panya wakaiunganisha na seli ya saratani ambayo haichoki kuzaana. Mwaka 1984 walipata tuzo ya Nobel, pamoja na Niels Jerne. Tangu hapo mtaalamu akitaka kuiona protini fulani katikati ya maelfu, huagiza kingamwili inayoishika hiyo tu. Na akitaka kujua protini hiyo inafanya nini, hutafuta kingamwili inayoifunga mikono, kisha hutazama kipi kimesimama.

Ndivyo ilivyofanya D1. Iliishika ninjurini ya panya na kuizuia isikusanyane. Panya waliochokozwa kwa njia mbalimbali mpaka maini yao yakaanza kuharibika, wakipewa kingamwili hiyo maini yao yaliumia kidogo kuliko ya wenzao. Seli zilikuwa zikifa, lakini hazikupasuka ovyo, na cheche hazikuruka kwa majirani. Ni kama zimamoto aliyekubali kwamba nyumba hii imekwenda, akaamua kuokoa mtaa.

Ndugu wasikilizaji, naomba sasa tumwache panya kidogo turudi kwenye barabara yetu.

Wote tunajua kwamba mji huu ulikua kwa misafara. Toka Bagamoyo mpaka hapa Unyanyembe, na toka hapa mpaka Ujiji, pembe na nguo na shanga zilisafiri kwa miguu. Tumefundishwa kuwasifu wapagazi wa Kinyamwezi kwa nguvu zao, na sifa hiyo wanastahili. Lakini ni mara chache tunauliza: kwa nini mtu? Kwingineko duniani mizigo ilibebwa na farasi, ng'ombe, ngamia na punda. Jibu kubwa ni mbung'o. Mnyama wa mizigo akiingia katika pori la mbung'o hupata nagana, hukonda, hufa. Wageni walijaribu mara nyingi. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India wakashushwa Msasani, ili waje huku bara wabebe mizigo. Jaribio hilo nalo halikufika popote. Mzigo ukarudi pale pale, begani kwa mtu. Kilichomshinda mnyama alibebeshwa binadamu.

Shikeni neno hilo, maana linajirudia.

Ukitoka Nzega kuelekea Shinyanga utapita Tinde, ile njia panda ya kwenda Kahama. Abiria wengi hushuka hapo kununua chakula na kuendelea na safari. Enzi za Mwingereza palikuwa na maabara ya malale. Wataalamu walikuwa na fumbo lililowasumbua. Kijidudu kinachowapa watu malale katika sehemu zetu, na kile kinachowapa nagana wanyama, ukiviweka chini ya hadubini vinafanana kama mapacha. Ukivitia kwa panya, vyote viwili vinamwambukiza. Panya hakuweza kusema kipi ni cha mtu na kipi si cha mtu. Je, kijidudu cha mtu kikikaa miaka mingi kwa kondoo na swala, kinasahau njia ya kumwingia binadamu? Swali hili lilikuwa na uzito, kwa sababu kama wanyama wa porini wanakihifadhi, basi kuhamisha watu peke yake hakutoshi.

Wakaanza mwaka 1934. Kijidudu kikazungushwa kutoka mnyama hadi mbung'o, mbung'o hadi mnyama. Taarifa iliyotolewa mwaka 1955 ilieleza kazi ya miaka 18. Na kila walipotaka kujua kama bado kinamwambukiza mtu, walikijaribu kwa mtu. Mbung'o aliwekwa kwenye ngozi ya mtu wa kujitolea akaachiwa amuume. Aliyeugua alitibiwa. Jibu likapatikana: hata baada ya miaka yote hiyo kwa wanyama, kijidudu kile kiliendelea kumwambukiza binadamu. Vitabu vya tiba vya dunia nzima vinalitaja jaribio la Tinde. Wale walionyoosha mikono yao hawatajwi.

Mimi sisemi kwamba wataalamu wale walikuwa watu wabaya. Sisemi pia kwamba waliojitolea hawakujua wanachofanya. Ninachosema ni kwamba kujitolea mbele ya bwana wa serikali ya kikoloni si sawa na kujitolea mbele ya mwenzako. Na ninasema tena kwamba kilichomshinda panya alibebeshwa mtu, na mtu huyo alikuwa wa kwetu.

Mwaka 1970 Rickman na Robson walipata njia nyingine. Walichukua vijidudu wakavichanganya na damu ya binadamu ndani ya chupa, wakaviacha kwa saa kadhaa, kisha wakamdunga panya. Damu ya mtu huviua vijidudu vya wanyama, lakini haiviui vile vya malale yetu. Panya akiugua, kijidudu ni cha mtu. Asipougua, si cha mtu. Mbinu rahisi hivyo! Baadaye ikafahamika hata sababu: mwaka 1998 ilielezwa protini ya kijidudu inayokipa ukaidi huo, na mwaka 2003 ikaelezwa protini ya damu yetu inayoua wale wasio na ukaidi. Siku hizi swali la Tinde hujibiwa kwa chembe za urithi ndani ya kichupa, bila kumuuma mtu yeyote.

Hiyo ndiyo thamani ya chombo kizuri cha maabara. Kinaondoa mzigo begani mwa mtu.

Na malale yenyewe inatufundisha kwa nini moto wa mwilini si hadithi ya Marekani. Kuanzia mwaka 1949, mgonjwa ambaye vijidudu vimekwisha kuingia ubongoni alitibiwa kwa melasoprali, dawa yenye aseniki, ambayo wagonjwa waliisimulia kuwa ni kama moto unaopita mshipani. Katika kila wagonjwa 100 waliochomwa, watano hivi waliuawa na tiba yenyewe. Wengi wao ubongo uliwaka kwa uvimbe mara baada ya sindano. Fikiria mzazi anayempeleka mtoto wake kutoka kijiji cha wafuga nyuki, safari ya siku mbili, vijidudu vinakufa, na mtoto anakufa navyo.

Uvimbe huo nao ulichunguzwa kwa panya, huko Glasgow, Scotland, kwa kutumia kijidudu kilichotolewa kwa nyumbu wa Serengeti mwaka 1966. Panya wakapewa dawa isiyotosha, ubongo wao ukavimba kama wa mgonjwa, na wataalamu wakaweza kutazama hatua kwa hatua bila kumgusa mgonjwa. Hatimaye, Desemba 2023, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuunga mkono vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Vidonge vya siku 10, kwa mdomo, badala ya aseniki mshipani. Wagonjwa wa aina hii wanaoripotiwa sasa hawafiki 200 kwa mwaka Afrika nzima. Ni habari njema, lakini ina hatari yake: ugonjwa wenye wagonjwa wachache na maskini hauna soko, na usio na soko husahaulika upesi.

Hata hivyo, haitakuwa haki nikimsifu panya bila kueleza mipaka yake. Panya si mtu mdogo mwenye mkia. Kwa miaka mingi maabara za dunia zilitumia panya walioondolewa kimeng'enya kiitwacho kaspesi-1, na kila panya huyo alipopona sumu ya bakteria, ikaandikwa kwamba kaspesi-1 ndiyo inayoua. Mwaka 2011 kundi lile lile la Kayagaki na Dixit likagundua kwamba ukoo wa panya walioanzia kazi hiyo ulikuwa na kasoro nyingine ya kuzaliwa, hauna kaspesi-11. Aliyekuwa akiua ni kaspesi-11, na mwenzake alikuwa amesingiziwa. Zaidi ya hayo, binadamu hana kaspesi-11. Ana nyingine mbili, ya 4 na ya 5. Panya pia anavumilia sumu ya bakteria kwa kiwango ambacho kingemlaza mtu kitandani.

Kuna kisa kizito zaidi. Mwezi Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park, London, vijana sita waliojitolea kwa malipo walipewa kingamwili mpya iitwayo TGN1412. Nyani walikuwa wameivumilia vizuri. Vijana wale walipewa kiasi kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Katika muda wa saa chache miili yao yote sita iliwaka moto wa uvimbe, viungo vikaanza kushindwa kazi, wakakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Waliponea chupuchupu. Kwa hiyo mnyama hupunguza mzigo; hauondoi wote. Siku moja hapana budi mtu wa kwanza apatikane. Swali ni nani, ameelezwa nini, na nani atamshika mkono akianguka.

Ndiyo maana nimesema ipo hesabu haijafungwa. Tabora hapa tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kituo chetu kimeishughulikia malale kwa miaka mingi. Vijana wetu wenye shahada wapo. Wanachokosa mara nyingi ni vyombo. Kichupa kimoja cha kingamwili ya utafiti hubeba pengine matone mawili tu, na bei yake hufika mamia ya dola. Kinatoka ng'ambo, kinapita uwanja wa ndege, kinasubiri karatasi, kinapanda gari, na muda wote huo kinatakiwa kibaki kwenye baridi. Nimewahi kuonyeshwa, katika maabara moja ambayo sitaitaja, sanduku zima la vichupa vilivyoharibika baada ya umeme kukatika mwisho wa juma na jenereta kukosa mafuta. Mtaalamu aliyenionyesha hakulalamika. Alikuwa amezoea, na hilo ndilo lililonisikitisha.

Matokeo yake ni nini? Damu inachukuliwa kwetu, inagandishwa, inasafirishwa, inapimwa huko kwenye vyombo. Jibu likirudi, limekwisha kuandikwa na wengine, kwa maswali ya wengine. Sisi tunachangia bega. Wao wanachangia hesabu.

Sipendekezi tuanze kesho kutengeneza kila kingamwili wenyewe. Napendekeza mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, maabara za utafiti zihesabiwe kama wodi katika suala la umeme: jenereta yenye mafuta na friji yenye mtu wa kuitazama Jumapili. Pili, vifaa vya utafiti vinapofika bandarini au uwanjani vishughulikiwe siku ile ile, kama tunavyofanya kwa samaki. Tatu, kila mradi unaoondoka na damu ya watu wetu uache nyuma yake kijana aliyefundishwa kuipima damu hiyo hapa hapa.

Na kwako wewe mwananchi wa kawaida, siku mtafiti akibisha hodi, usimfukuze, maana bila utafiti mpaka leo tungekuwa tunachomwa aseniki. Mkaribishe, mpe kiti, kisha muulize. Utafiti huu umepata kibali cha kamati ya taifa ya maadili? Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa wanyama, na wanyama walisema nini? Nikidhurika nani atanitibu, na kwa gharama ya nani? Je, nitaletewa majibu? Mtafiti mzuri hufurahi kuulizwa. Ukimwona anakasirika, ujue bado hajawa tayari kukuchoma sindano. Mzee au mama asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa fomu kwa lugha yake, Kinyamwezi au Kisukuma au Kiha, mpaka aridhike, na ana haki ya kusema hapana bila kunyimwa matibabu.

Kuhusu wale wa Tinde, nina ombi moja kwa wanaohusika na mambo ya kale, hapa na Shinyanga. Pale njia panda mabasi husimama kila siku. Kibao kidogo kikiwekwa, kikaeleza kwamba katika eneo hili watu walijitolea kuumwa na mbung'o ili dunia ijue malale inakaa wapi, hakitagharimu zaidi ya mifuko michache ya saruji. Wazee wa pale wakiulizwa mapema, huenda majina yakapatikana. Mwenye habari zozote za jambo hilo aniandikie kupitia redio, nami nitazisoma hapa.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia bei ya asali na mizinga ya kisasa. Kwa leo nawaageni, kwaherini.